Land Rover la Kale Lililofufuliwa: Mwongozo wa Kulipima kwa Insafu

Mjini Nairobi, katika uwanja wa mbio za farasi ulio kando ya barabara ya Ngong, kuna mashindano ya magari yaliyoasisiwa mwaka 1970 na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo, na mashindano hayo yamewafunza Wakenya wengi kwamba gari kuukuu lililotengenezwa upya ni kazi ya ustadi, ipasayo kupimwa kwa kanuni na wala si kwa kupendezwa na macho tu. Huko huonekana, miongoni mwa mengine, yale magari madogo ya wazi ya Kiingereza ya katikati ya karne ya 20, ya MG, Triumph na Austin-Healey, na waamuzi huyakagua juu na chini, nje na ndani, kabla ya kutamka neno.

Walakini hapa Sangailu si Ngong. Katika ardhi hii iliyo baina ya msitu wa Boni na mbuga za Ijara, ambako udongo mweusi hupasuka kwa ukavu wakati wa kiangazi na kugeuka tope linalomeza magurudumu mvua zinyeshapo, gari la michezo ambalo tumbo lake linakaribia kugusa ardhi halina safari ya kwenda. Gari la wazi la Kiingereza lililokuja katika nchi hii, likafanya kazi na kupata jina, ni Land Rover: ndilo lililowachukua makamishna wa wilaya, polisi, madaktari wa mifugo na walinzi wa wanyama katika zama za Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na ndilo lililoendelea kutumika miaka mingi baada ya uhuru wa 1963. Na ujamaa wa magari haya ya aina mbili hauko mbali, kwa kuwa yote yalizaliwa wakati Uingereza iliyochoshwa na vita ilipolazimika kuuza ng'ambo ili iishi; mengi yake hukalia chesisi ya chuma na springi za mabamba, walau nyuma, hufunikwa kwa turubai, hupata umeme kutoka vifaa vya Lucas na kusomwa kwa saa za Smiths. Ajuaye kulihukumu moja, basi amekwisha kupata nusu ya elimu ya kulihukumu la pili.

Madhumuni ya maneno yafuatayo ni kumpa msomaji mizani ya kupimia Land Rover la kale lililofufuliwa, awe anataka kulinunua, kulisifu, au kumlipa fundi aliyelitengeneza. Na msingi wa mizani hiyo ni huu: ubora wa kazi hii uko katika batini kuliko dhahiri, katika chuma kilichofichika na katika ukweli wa maelezo ya fundi, na rangi inayong'aa ni sifa ya mwisho kuhesabiwa. Mfugaji wa Ijara hanunui ng'ombe kwa uzuri wa ngozi yake. Humfungua kinywa akamtazama meno, akamkagua kwato, akamtembeza hatua kadhaa, kisha ndipo akataja bei.

Kwanza: nasaba ya gari

Land Rover lilidhihirishwa kwa ulimwengu tarehe 30 Aprili 1948 katika maonyesho ya magari ya Amsterdam. Mwenye fikira hiyo, Maurice Wilks, aliyekuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia jipu la kijeshi la Kimarekani katika shamba lake kisiwani Anglesey, akaona haja ya gari la Kiingereza la kuchukua nafasi yake. Chuma kilikuwa adimu, kwa hiyo bodi ikafanywa kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright. Mitambo ya kufinyangia mabati ilikuwa ya gharama kubwa, kwa hiyo mabamba yakaachwa bapa na mikunjo yake ikawa myepesi. Na hata chesisi ikapatikana kwa kuchomelea pamoja vipande vinne vya bamba hata vikawa boriti lenye uwazi ndani. Mtambuzi asiisahau habari hii, maana karibu kila ila na kila fadhila ya gari hili imetokana na dhiki hiyo ya mwanzo.

Toleo la kwanza lilidumu tangu 1948 hadi 1958, likianza na urefu wa inchi 80 baina ya ekseli mbili na injini ya petroli ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 50. Toleo la pili lilikuja mwaka 1958, mbavu zake zikiwa zimetuna kidogo kwa usanifu wa David Bache, na ndilo lililoleta injini mashuhuri ya petroli ya lita 2.25. Toleo la pili A lilifuata mwaka 1961, na toleo la tatu likaundwa tangu 1971 hadi 1985. Taa za mbele, ambazo asili yake zilikaa karibu karibu katikati ya uso wa gari, zilihamishiwa kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Saa za dereva, zilizokuwa katikati ya dashibodi, zilisogezwa mbele ya usukani katika toleo la tatu, ambalo wavu wake wa mbele ni wa plastiki. Basi ukiletewa gari liitwalo la 1959 nawe ukaona taa zake ziko kwenye madigadi na saa zake ziko mbele ya dereva, jua ya kuwa hapo pamechanganywa viungo vya magari mawili au zaidi.

Mchanganyiko huo si dhambi kwa nafsi yake, kwa kuwa gari lililofanya kazi miaka 60 katika nchi isiyo na duka la vipuri lilipewa kilichopatikana ili lisilale njiani. Dhambi ni kuuficha. Kwa hiyo soma nambari. Katika toleo la pili na yaliyofuata, nambari ya chesisi ilipigwa mhuri kwenye kishikizo cha springi ya mbele upande wa kulia, na nambari iyo hiyo imeandikwa kwenye kibati kilicho ndani ya chumba cha dereva. Tarakimu zake za kwanza hutambulisha urefu wa gari, aina ya injini, na kama liliundwa kwa soko la Uingereza, kwa kuuzwa ng'ambo, au kwa kusafirishwa vipande vipande na kuunganishwa katika nchi nyingine, kama yalivyounganishwa mengine kwetu Thika. Nambari ya chesisi, nambari ya kibati na nambari ya kitabu cha usajili zikisema neno moja, umekwisha kupata ushahidi wa watatu. Zikitofautiana, mwenye gari ana maelezo ya kutoa kabla ya kupokea fedha.

Kadhalika usinunue hadithi. George Adamson, mlinzi wa wanyama aliyeihudumia Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini na kuuawa Kora tarehe 20 Agosti 1989, ameacha jina kubwa katika nchi zipakanazo na mto Tana, na jina kubwa huvuta madai makubwa. Ukiambiwa kwamba gari fulani lilikuwa lake, au la kamishna wa enzi hizo, omba waraka. Palipo na waraka, thamani huongezeka kwa haki. Pasipo na waraka, gari na lihesabiwe kwa chuma chake.

Pili: chesisi

Hapa ndipo penye moyo wa hukumu. Kwa kuwa chesisi ni boriti lenye uwazi, maji na tope huingia kwa matundu yake na kukaa ndani, na kutu huila kutoka ndani kwenda nje, hata siku ionekanapo kwa macho iwe imekwisha kufanya kazi yake. Udongo mweusi wa kwetu huzidisha hatari hii, maana hushika unyevu siku nyingi baada ya mvua kukatika, na gari lililooshwa nje likang'aa laweza kuwa na debe zima la tope lililoganda matumboni mwake.

Chukua nyundo ndogo na sumaku, ulale chini ya gari asubuhi penye mwanga. Gonga chesisi taratibu kutoka mbele hadi nyuma: chuma kizima hulia kwa sauti kali yenye mwangwi, na chuma kilicholiwa hujibu kwa sauti fupi iliyozibwa. Ipitishe sumaku kote, na mahali isiposhika pana lami nene au pati iliyopakwa kuziba tundu. Zidisha bidii kwenye boriti la nyuma kabisa, ambalo hupokea matope ya magurudumu. Kwenye mikono itokayo ubavuni kubeba bodi. Na kwenye vishikizo vya springi, ambavyo vikilegea hulifanya gari liende upande kama lisilo na dereva.

Kiraka si aibu. Kiraka chema kimekatwa kwa bamba la unene sawa na la asili, pembe zake zimeviringwa, na mshono wake umekwenda mfululizo hadi ukajifunga. Kiraka kibaya kimebandikwa juu ya kutu, kikashikwa kwa nukta chache za moto, kisha kikafichwa kwa lami. Kwa sababu hii fundi mwaminifu huipaka chesisi rangi nyembamba inayoonyesha mishono yake, na mwenye kuificha kwa lami nzito amekwisha kujishuhudilia. Leo hupatikana kutoka Uingereza chesisi mpya zilizochovywa katika zinki, na gari lililopandishwa juu ya chesisi ya namna hiyo laweza kuishi miaka mingi kuliko lilivyokusudiwa na waundaji wake. Mimi silihesabu kuwa pungufu, maadamu badiliko hilo limetajwa na kuandikwa.

Tatu: ukuta wa kati na bodi

Ukuta wa chuma unaoitenga injini na chumba cha dereva, ambao hubeba kioo, milango, usukani na pedali, ni kiungo cha pili kwa ugumu wa kutengeneza, na mafundi wengi hukimbilia kuufunika badala ya kuufufua. Ondoa mikeka, ukanyage sakafu penye miguu ya dereva. Tazama pembe za juu chini ya kioo, mahali maji yanapokusanyika. Fungua mlango nusu, uuinue kwa mkono, ukasikilize kama nguzo ya bawaba inacheza. Kisha funga milango yote miwili na uangalie nafasi iliyobaki kati ya mlango na bodi. Nafasi ikiwa pana juu na nyembamba chini, ukuta ulichomelewa ukiwa umepinda, na hakuna rangi itakayounyosha.

Kuhusu bodi, sumaku hufanya kazi kinyume na ilivyofanya kwenye chesisi. Birmabright haishikwi na sumaku. Kwa hiyo digadi au ubavu unaoinasa sumaku umefanywa kwa bati la chuma, na mtengenezaji amekwepa gharama. Alumini hailiwi na kutu nyekundu, ila inapogusana na chuma penye unyevu huoza ikawa unga mweupe, nawe utauona kwenye kingo za milango na mahali bodi inapokalia vishikizo vyake. Fundi hodari hutenganisha madini hayo mawili kwa rangi au kwa kipande cha mpira kabla ya kuyafunga, na kazi hiyo, isiyoonekana na mtu yeyote gari likisimama sokoni, ni miongoni mwa alama bora za ustadi.

Usidai bodi iwe laini kama kioo. Tangu kiwandani Solihull mabamba haya yalikuwa na mawimbi madogo, ribiti zake zikionekana na nukta za mshono wa umeme zikihesabika, na gari ambalo ribiti zake zimemezwa na pati limevuliwa sura yake. Vivyo hivyo vipande vya kingo juu ya milango na ubavuni vilichovywa zinki vikaachwa na rangi yake ya kijivu iliyofifia. Atakayevipaka rangi ya bodi, au kuviweka kromu ing'aayo, amelipamba gari kwa pambo lisilo lake. Kijani kizito na rangi ya chokaa ni katika rangi za asili zilizojulikana sana, na magari ya mwanzo kabisa yalipakwa kijani hafifu kilichobaki katika maghala ya vita. Rangi nyingine si haramu, lakini anayedai kwamba amelirudisha gari katika asili yake na aonyeshe kuwa asili hiyo aliijua.

Nne: injini na mitambo

Ifike injini ingali baridi. Mwenye gari aliyekwisha kulipasha moto kabla hujawasili amekunyima nusu ya ushahidi. Injini ya lita 2.25 iliyofungwa vema huwaka pasipo kelele nyingi, hunguruma kwa kipimo kilicho sawa, na haitoi moshi wa buluu unapoachia mafuta na kukanyaga tena. Moshi huo ni mafuta ya injini yanayoungua, na hauondoki kwa kusafishwa kabureta.

Katika nchi ya vumbi kama yetu, chujio la hewa ni kipimo cha akili ya fundi. Magari haya yalipewa chujio lenye bakuli la mafuta, ambalo hewa hupita juu yake ikaacha vumbi lake. Lifungue, utazame kama mafuta yamo na kama ni safi, kisha ukague mpira uendao kwenye kabureta, kwani ufa mdogo katika mpira huo huingiza mchanga mwembamba unaozisaga silinda kwa muda mfupi. Nimeona injini zilizofungwa kwa ustadi mkubwa zikifa kwa sababu ya mpira wa thamani ndogo, na tangu hapo huwa naanzia hapo. Baada ya hapo, radieta: liache gari lingurume mahali penye jua la adhuhuri, na mshale wa joto ukikataa kutulia, kazi haijakwisha.

Si ajabu katika Kenya kukuta Land Rover lenye injini ya dizeli ya Kijapani. Badiliko hilo limeokoa magari mengi yasife, na mwenye kutaka gari la kazi hana haja ya kulidharau. Lakini lisiuzwe kwa bei ya gari lililofufuliwa kwa asili yake, maana ni vitu viwili mbalimbali.

Giaboksi ina gia nne za kwenda mbele, na kabla ya toleo la tatu gia ya kwanza na ya pili hazikuwa na msaada wa kulinganisha mwendo, hivyo mlio wa meno unapoteremsha gia bila kukanyaga klachi mara mbili ni kosa la dereva. Kosa la giaboksi ni kuruka kwa gia unapoachia mafuta mteremkoni. Kisha jaribu vyote viwili: kitasa cha manjano, ambacho kikisukumwa chini huyatia kazini magurudumu yote manne, na mkono wenye kitasa chekundu, ambao ukivutwa nyuma huleta mwendo wa nguvu wa taratibu. Mauzauza ya magari yaliyopambwa kwa ajili ya kuuzwa mara nyingi hufichuka hapa, kwa kuwa vitasa vimepakwa rangi mpya na mikono yenyewe imeganda.

Chini, kwenye ekseli ya mbele, utaziona tufe mbili za kromu ambazo magurudumu huzungukia yanapokata kona. Pitisha ukucha juu yake: zikiwa na vishimo, mpira wa kuzuia mafuta utakatika hata ukibadilishwa leo. Unyevu kidogo wa mafuta katika magari haya husameheka. Matone yanayoacha dimbwi chini hayasameheki. Usukani na uwe na mchezo mdogo tu, na breki, ambazo ni za ngoma kwa magurudumu yote, zisivute upande mmoja. Breki ya mkono hukaza shafti ya nyuma wala haikazi magurudumu, kwa hiyo gari kutikisika kidogo baada ya kufungwa si ila.

Tano: jaribio la njiani

Barabara ya lami ya Garissa haitakuambia mengi. Lipeleke gari penye njia ya ng'ombe, penye mashimo na mchanga, ulipandishe na kuliteremsha kwa gia ya taratibu, upate kusikia. Bodi iliyofungwa kwa haki hulia kwa sauti nyingi ndogo zisizobadilika. Ile iliyofungwa kwa haraka hutoa kishindo kimoja kinachorudi kila gurudumu la upande ule ule lipigwapo. Liendeshe hadi lipate moto hasa, lizime, ulipumzishe kwa muda wa kunywa chai, kisha uliwashe tena, maana gari lisilowaka likiwa na moto halina faida kwa mtu aliye mbali na fundi. Ukirudi, lala chini yake mara ya pili, utazame kilichovuja na kilicholegea.

Sita: kilichostahili kuachwa

Fundi hujulikana kwa alichotengeneza, na hujulikana zaidi kwa alichojizuia kukigusa. Matundu ya kishikizo cha redio ya polisi, kibati cha idara kilichochakaa, kiti cha kijivu kilichokaliwa hata kikapata mbonyeo lakini hakijachanika, vyote hivyo ni shahada ya utumishi wa gari katika nchi hii, na havipatikani dukani. Kuvifuta ili gari lionekane jipya ni kuifuta tarehe, na gari la kale lisilo na tarehe limebaki chuma cha bei ya juu. Kanuni yangu ni hii: kilichokufa na kifufuliwe, kilicho hai na kitunzwe, na kisichokuwapo kisizuliwe.

Basi, ndugu msomaji, ukitaka kutoa hukumu, igawe thamani kwa mpangilio huu: kwanza chesisi na ukuta wa kati, pili mitambo, tatu nasaba na nyaraka, nne bodi, na rangi mwisho kabisa. Gari lenye chesisi safi na rangi iliyopauka lipe bei njema, kwa sababu rangi hupatikana. Gari lenye rangi ya harusi na chesisi iliyofunikwa lami liache lilipo. Nanyi mafundi wa Sangailu, Masalani na Garissa, ambao mikono yenu imeyaweka magari haya barabarani pasipo vipuri wala vitabu, wekeni daftari kwa kila kazi, mwandike kilichokatwa, kilichochomelewa na kilichobadilishwa, mpige picha chesisi ikiwa wazi kabla ya kupakwa rangi, na mkabidhi daftari hilo pamoja na ufunguo. Mnunuzi atakayelipa bei kamili kwa furaha ni yule aliyeonyeshwa kila kitu.